Bahasha ya Mengineyo

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote, goti lako linaendeleaje? Naomba liwe limeacha kukusumbua kwenye ngazi za hiyo hosteli unayofanyia kazi. Sisi huku hatujambo. Mimi bado nina rangi chini ya kucha, mama watoto bado anapika kwenye jiko la shule, na watoto wanakua hadi viatu vinawakataa.

Umeniuliza mara mbili kuhusu cherehani yako, maana mwezi ujao unarudi na unataka uanze kushona mara moja. Nitakujibu, dada. Nivumilie kwanza nikupe habari za nyumbani, kwa sababu jibu limo humo humo.

Unayajua maisha ya fundi rangi: wiki hii kazi tatu, mwezi ujao hakuna hata wa kupakiwa mlango. Kila tarehe ishirini tulikuwa tumekauka, na mimi na mama watoto tukawa watu wa kutupiana lawama. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alichoka. Akamwaga pesa zote za nyumba mezani, akawaita watoto, akasema kuanzia siku hiyo kila mtu ataona kinachoingia na kinachotoka. Nilipinga, nikasema watoto hawafai kujua mambo haya. Akanijibu kuwa wanayajua tayari, ila wanayajua kwa kusikia makelele yetu.

Basi zikaletwa bahasha za kaki. Binti mkubwa, ambaye siku hizi tunamwita Hakimu kwa sababu hakuna kosa linalompita, akaandika: Kodi, Chakula, Ada, Nauli. Kitinda mimba alikabidhiwa bahasha ya Sabuni, na ukali wake usiombe. Siku moja nilinawa kwa maji matupu kwa sababu alisema sabuni ya wiki imeisha na wiki yenyewe haijaisha.

Mimi nikaomba bahasha moja ya mwisho, nikaiita Mengineyo. Kila Jumamosi nilikuwa naijaza, kila Jumatatu iko tupu. Hakimu akaniuliza pesa zimekwenda wapi, nikasema ni mambo ya kazi. Wiki iliyofuata akaja na daftari, akasema huyu Mengineyo anakula kuliko watu wote wa nyumba hii na hatujawahi kumwona mezani. Mama yake akacheka. Mimi nikawaka. Nilimkaripia mtoto kwa ile sauti ya baba unayoijua, naye akafunga daftari. Niliona aibu wiki nzima.

Jumamosi nyingine daftari halikufunguliwa. Hakimu alikaa tu, akasema kama baba haulizwi, basi na yeye asiulizwe habari za nauli yake. Alikuwa na haki. Nikawaambia, na sasa nakwambia wewe.

Cherehani yako haikuwa kwa fundi, dada. Nilikuandikia uongo. Mwaka jana nilipata nyumba kubwa ya kupaka, na ndoo ya mwisho nikachanganya rangi kwa macho, nikailinganisha na ukuta ikiwa bado mbichi. Hata mwanafunzi wa siku mbili hafanyi hivyo, maana rangi ikikauka hugeuka. Sebule ikakauka upande huu hivi, upande ule vile. Mwenye nyumba akasema nisipopaka upya kwa gharama yangu sipati hata senti. Nikaibeba cherehani yako nikaiweka rehani kwa mkopeshaji, mama watoto nikimwambia inakwenda kutengenezwa. Masharti yalikuwa nilipe kila wiki, na nikikosa mwezi mmoja iuzwe. Kitu ulichokinunua kwa jasho lako nikakigeuza ndoo za rangi.

Nilidhani watanishukia. Mama watoto akasema kilichomuuma ni kwamba alikuwa anakusalimia ndani ya barua za uongo bila kujua. Hakimu akauliza deni limebaki kiasi gani, akaligawanya kwa wiki, akafuta Mengineyo na kuandika Cherehani ya Shangazi. Tukabana kila bahasha isipokuwa ya Ada. Kitinda mimba alikata sabuni vipande vidogo mpaka tukawa tunaitafuta mikononi.

Wiki kumi na moja, dada. Jana tumeileta nyumbani. Iko chini ya dirisha, na vifungo vyako vyote vimo kwenye droo. Nimekukosea sana na naomba unisamehe, lakini sitakuficha: tangu jana napumua kama mtu aliyetua gunia la saruji.

Mama watoto anakusalimu wifi yake, safari hii kwa moyo mweupe. Chunga goti, na tuandikie siku ya kuja ili tukupokee.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Rangi

Shangazi, shikamoo. Nimeisoma barua hii kabla haijafungwa na yote ni kweli. Mara ya kwanza baba aliandika kwamba cherehani ilipata matatizo kidogo, nikamwambia aandike upya. Ukija mgombeze kidogo tu. Ameshalipa.
Hakimu