Mahali Penye Moshi

Masisi, 15 mwezi wa sita 1969

Papa Epiphanie,

Kabla sijakusalimu, acha nikuambie kile mutoto wako ametoka kufanya sasa hivi. Mbuzi ya kaka yako Védaste imefungwa katikati ya mahali petu pale chini, pale ulipochimba matundu manne ya nguzo. Epiphanie ameshuka na mwiko wa kusongea bugali, amesimama mbele ya mbuzi, amesema: « Toka! Kwetu! » Mbuzi imemuangalia tu, inatafuna. Basi mutoto ameketi chini kando yake, amekunja mikono, anangoja itoke. Mpaka naandika hivi wako pale. Wanangojana.

Sasa salamu. Jambo sana, bwana yangu. Mwili muzima? Kikohozi cha huko mine, kwenye machimbo, kimekuacha? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Mama yako Élisabeth ni muzima, mugongo tu njo unamusumbua. Mutoto ana miaka miwili na nusu na maneno ya miaka kumi.

Lakini ile mbuzi haikufungwa pale bila sababu. Jana tukila, Védaste alisema mbele ya watu wote: « Mahali pale pa mudogo wangu Straton pamekaa bure miaka mitatu. Mvua ikirudi, nitapanda mikaratusi. » Mama yako akaendelea kula. Mimi nikasema: « Shemeji, hapana bure. Pana matundu manne. » Wakacheka. Akasema: « Matundu hayatoi moshi. »

Sheria ya hapa kilimani unaijua, lakini nilienda kumuuliza tena Papa Albert, katekista wetu. Alisema: mahali ambapo moshi haujapanda tangu maharagi yapandwe mpaka yavunwe, hapana mwenyewe, familia inaweza kugawana pale. Lakini moshi ukipanda msimu muzima, na jirani mumoja akaja kuomba moto kwako, neno limekwisha. Anayeomba moto kwako amekubali kwamba una nyumba. Hata chef, mukubwa wa kilima, hawezi kulivunja.

Papa Epiphanie, mimi na mutoto tunalala kwa mama yako katika chumba cha viazi. Nikinyoosha muguu nakanyaga kuku. Sinung'uniki. Nasema tu: pale chini njo mahali pamoja duniani ambapo naweza kunyoosha miguu yote miwili. Muandikie kaka yako, umukatalie.

Muke wako,
Mama Epiphanie


Kambi ya mine, Walikale, 6 mwezi wa saba 1969

Mama Epiphanie,

Salamu nyingi kutoka katikati ya miti. Mimi muzima, kikohozi kinanishika asubuhi tu. Umubusu mutoto, na mbuzi uiambie asante kwa uvumilivu.

Nisikilize vizuri. Védaste njo aliyenilea baba alipokufa. Siku nilipopanda camion, lori la kuja huku, alikuwa amenishika mukono, na mimi nikamuambia: « Kaka, mahali pale utumie kidogo. » Mimi mwenyewe njo nilisema. Sikufikiri. Camion ilikuwa inanguruma, nilikuwa nataka kulia, na muntu akitaka kulia anasema neno lolote. Sasa nitamukatalia namna gani kwa barua?

Kuja huku. Kapita, musimamizi wetu wa kazi, amesema nitapewa chumba. Nimekipima: hatua tatu kwa nne. Ukuta ni mbao. Jirani akikohoa, wewe unajibu « pole ». Lakini ni chumba. Pori hapa halina mwisho, nafasi iko tele, ila hakuna pa kutuma jicho. Mbingu tunaiona kidogo tu, kama muntu aliyefunikwa na kikapu. Utazoea. Umuachie kaka pale. Kilima hakiishi.

Bwana yako,
Papa Epiphanie


Masisi, 27 mwezi wa saba 1969

Papa Epiphanie,

Jambo sana. Kikohozi uchemshie majani ya mukaratusi; afadhali wewe uinywe kuliko Védaste aipande kwangu. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. « Kilima hakiishi. » Nani alikuambia? Huku mupaka una miguu, kila mwaka unatembea.

Habari ya wazungu kushuka kwenye mwezi imewafikia huko porini? Siku ile barza ya Papa Albert ilijaa. Radio yake ndogo ilikalia kiti kizima, kama askofu. Wanaume wakachukua benchi yote, sisi wanawake tukasimama kwenye majani. Radio ikaimba kwanza, Epiphanie akacheza, kila muntu akapiga makofi. Halafu sauti ikasema watu wawili wametembea kule juu, wamesimika bendera. Muzee mumoja akauliza: « Na mwenyewe, walimusalimu? » Watu wakacheka mpaka radio haikusikika tena.

Védaste akasimama. Akasema: « Mumesikia? Hata mwezi ulikaa bure. Aliyefika njo mwenyewe. » Na mimi njo aliniangalia.

Mutoto alikuwa mugongoni, nadhani alisikia moyo wangu unavyopiga. Nikasema:

« Shemeji, waliwasha moto? »

« Moto gani? »

« Kule kwenye mwezi. Walipika kitu? Moshi ulipanda? Kama haukupanda, hapana kwao. Wamefunga mbuzi tu. »

Ee Straton! Papa Albert alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba yake.

Kesho yake nikabeba mawe matatu ya jiko, moja moja, nikashuka nayo. Wanawake wa kwaya wakanisaidia kukata fito na majani ya migomba. Siku mbili, kibanda kikasimama juu ya matundu yako manne. Ni kidogo, lakini ukilala unaweza kujigeuza bila kuomba ruhusa kwa muntu.

Nikapanda kwa mama yako na kigae cha chungu, kuomba kaa la kuanzia, maana kiberiti hakionekani sokoni tangu Pasaka. Aliniangalia sana. Akasema: « Moto wangu hauendi kulala inje. Na siku mimi nitakuja kuomba moto kwako, huo mwezi wenu utakuwa umeanguka. »

Ni mama, nikachukua kigae changu. Nikavuka bonde mpaka kwa Papa Albert, nikarudi na kaa ndani ya kigae, nikilipuliza njia yote, na mutoto akinipuliza kisogoni ili asaidie. Tangu siku ile moshi unapanda.

Sitakuja Walikale. Wewe kuja.

Muke wako,
Mama Epiphanie


Walikale, 19 mwezi wa nane 1969

Mama Epiphanie,

Salamu. Sisemi mengi. Kaka ameniandikia. Anasema unanitia haya mbele ya kilima chote, unalala inje kama muchunga mbuzi. Watoto wa hapa kambini wanacheza mwezi, wanaruka kutoka juu ya mapipa, na mimi nikiutafuta huo mwezi juu ya miti siuoni.

Rudi ndani. Nasema kama bwana yako.

Straton


Masisi, 14 mwezi wa tisa 1969

Bwana yangu,

Jambo. Mwili muzima? Sisi wazima. Umesaini « Straton ». Papa Epiphanie amekwenda wapi? Mutoto wake anamuuliza.

Unasema nirudi ndani. Ndani njo huku nilipo.

Mvua ya kwanza ilipiga juma hili. Sikungoja ikatike. Nilipanda maharagi kuanzia kizingiti mpaka kwenye miyenzi, ua ule wa mupaka, nikilowa kama bata. Asubuhi Védaste akaja, jembe begani, miche ya mikaratusi ndani ya kikapu. Akasimama. Hapakuwa na pa kuweka muguu bila kukanyaga mbegu, na unajua kwetu: hakuna muntu anayekanyaga mbegu ya mwenzake mchana, watu wakiona.

« Mama Epiphanie, umepanda hata njia? »

« Njia nimekuachia, shemeji. Ile ya kurudia. »

Mutoto akamuletea kiti. Mimi sikumutuma, roho yake tu. Basi Védaste akakaa, angefanya nini? Nikamupa kiazi cha moto, akala, akapuliza vidole. Akasema: « Chumvi kidogo. » Akaondoka na miche yake.

Lakini jioni aliwaambia watu: maharagi tutayangoja, halafu tutaona, maana hakuna aliyeomba moto pale. Ni kweli. Watu wanapita, wananisalimia vizuri, lakini wanamuogopa mama yako. Nikiona muntu na kigae mukononi nasimama, naweka kitenge sawa. Anapita. Nakaa.

Sikuchukii, Straton. Nakutunzia mahali pa kuweka kichwa.

Mama Epiphanie


Masisi, 12 mwezi wa kumi 1969

Papa Epiphanie,

Jambo sana. Camion imepita mara tatu, haina kitu changu. Kama unaumwa, tafuta muntu aandike kwa mukono wake. Kama umekasirika, andika wewe mwenyewe.

Maharagi yametoa maua. Moshi unapanda. Ni hayo.

Mama Epiphanie


Walikale, 2 mwezi wa kumi na moja 1969

Mama Epiphanie,

Jambo sana, muke wangu. Mimi muzima. Majani yale ya mukaratusi hapa hayapatikani, lakini kikohozi kimepungua. Mutoto hajambo? Na mama?

Nilinyamaza kwa sababu haya ilinishika, na safari hii haya ilikuwa yangu mwenyewe. Chumba walinipa. Nimelala humo juma mbili. Kinatosha muntu mumoja na kikohozi chake. Nikakaa pale nikihesabu pa kukuweka wewe, pa kumuweka mutoto, pa kuweka chungu. Kila nikiweka mumoja, mwingine anatoka inje. Nimekirudisha kwa kapita. Akasema: « Wewe muntu, watu wanapigania nafasi hii! » Nikamuambia: « Muke wangu anapigania nyingine. »

Nimetengeneza mulango kwa mbao za masanduku. Dereva ataushusha sokoni Masisi. Nimepima kwa mukono na kwa kukumbuka matundu. Kama ni mukubwa, ongeza nyumba, usikate mulango. Kaka nimemuandikia vilevile: neno lile la camion nalirudisha. Mbili nimezichana, ya tatu nimeituma. Kazi yangu hapa inaisha Noeli.

Bwana yako,
Papa Epiphanie


Masisi, 23 mwezi wa kumi na moja 1969

Papa Epiphanie,

Mutoto wako ametoka kufunga mulango saa hii hii. Anatoka inje, anapiga hodi, anajijibu « karibu », anaingia, anaketi kama mugeni, anauliza habari za watoto. Halafu anatoka tena. Tangu mulango ufike hana kazi nyingine.

Jambo sana, bwana yangu. Muzima? Sisi wazima. Mulango ulikuwa mukubwa. Nimeongeza nyumba. Na ujue nani aliubeba kutoka sokoni: Védaste, kichwani, njia yote. Alipoushusha akasema ameubeba kwa sababu ni mbao za mudogo wake, si kwa sababu ya nyumba. Nikasema sawa, shemeji. Mikaratusi yake ameipanda ng'ambo ya miyenzi. Bado hasemi kama pale ni kwetu. Anasema tu: « Tungoje mavuno. »

Maharagi yanageuka manjano, bado juma mbili tu. Yote niliyoweza kufanya kwa mikono nimefanya. Linabaki moja, na lile siliwezi: siwezi kujiomba moto mimi mwenyewe.

Mvua ya jana iliangusha migomba. Upepo uliinua majani ya paa kwa mama yako, maji yakajaa mpaka jikoni. Tangu asubuhi naangalia juu: hakuna moshi kwake. Védaste naye majivu matupu, alishuka mapema kutafuta kiberiti, hajarudi. Papa Albert na watu wake wako misheni. Moshi ni mumoja tu leo upande huu wa kilima, na ni wangu.

Nilishika kigae nimupelekee. Kweli, nilikishika, nikafika mulangoni. Kisha nikarudi nikaketi. Nikipeleka mimi, ni muke wa mutoto wake anamutumikia tu. Lazima aje mwenyewe. Unisamehe. Mama yako ana baridi, na mimi nimeketi hapa naandika. Nimesema hivi: jua likifika kwenye miyenzi kama hajaja, nitapanda na moto, na sheria ikitaka kufa ife, tutaanza tena msimu ujao. Miguu ya kuanza ninayo.

Sasa Epiphanie anasema kuna muntu hapo inje. Nimemuambia: « Ni wewe unajipigia hodi. » Anasema hapana, ni koko Élisabeth. Kweli naona kitambaa chake kichwani, nyuma ya miyenzi. Amesimama. Hapiti. Mukono mumoja ameuficha ndani ya kitenge. Anaita jina langu, si kwa sauti ya ukali. Straton, ngoja, anaita tena, ameutoa ule mukono, na mukononi ana kigae kitupu. Anaomba moto.