Kugonga Mara Mbili

3 Februari

Shikamoo Baba,

Hali yako? Na mgongo? Mimi mzima, ila shingo imekakamaa. Nimeanza jujitsu, ile mieleka ya Kijapani, jioni nikitoka kiwandani. Mwalimu wetu ni mama fundi cherehani, kilo hamsini na nguo zake zote. Nikasema huyu namkunja kama shati. Wee! Nilimsukuma kwa mabega haya uliyonirithisha, akanipisha tu, nikajikuta chini nimekabwa. Anasema nguvu ninazo, mbinu sina. Ukizidiwa unagonga mkeka mara mbili, mwenzio anakuachia. Mimi sigongi ng'o.

Mwanao, Kitindamimba

20 Februari

Marahaba, binti yangu Kitindamimba,

Huku tu wazima. Usigonge! Baba yako ndiye Winchi, mpakiaji wa magunia mawili pale vijana wanapobeba moja. Mbinu ni za wasio na nguvu. Mgongo ni uzushi wa mama yako.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Sikugonga. Bega limeteguka, naandika kwa kushoto. Fundi alilia kuliko mimi. Mama ananiambia siku hizi unavalishwa viatu. Unanificha nini? Gunia inua kwa miguu, si kiuno, na likikushinda sema. Nijibu upesi.

Mwanao

30 Machi

Baba, kimya chako kinaninyima usingizi. Hata neno moja jamani.

Kitindamimba

14 Mei

Mwanangu, bega limepona?

Barua yako ilinikera. Mtoto anifundishe kubeba, miaka thelathini kazini! Kesho yake nikabeba magunia matatu, nikuoneshe, na wewe hata hupo. Katikati ya njia mguu ukafa ganzi. Wenzangu wanashangilia, "Winchi! Winchi!" Kwenda siwezi, kutua siwezi, sauti haitoki. Niliogopa, mwanangu. Nikapiga ubavu wa lori kwa kiganja, mara mbili.

Hakuna aliyeelewa. Nikagonga tena. Msimamizi, ambaye tulikuwa tumenuniana naye mwaka mzima, akaja mbio akanitua.

Sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Sasa nakaa mlangoni mwa ghala nawaonesha vijana namna ya kuinama, wananicheka, lakini wanainama. Bega lako nililitegua mimi, kwa kalamu yangu. Nisamehe.

Msalimie fundi. Rudi mkekani, mama, lakini ugonge.

Baba yako