Siku Tisini za Kunyamaza

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, na mguu wangu umepungua kuvimba. Fundi ameutengeneza mlango wa jikoni, sasa unabana mpaka nausukuma kwa bega. Wewe unakula lakini?

Mama yako mdogo amehamia kwangu, analala chumbani kwako. Mtu aliingia kwenye ile kompyuta ya zahanati akatoa majibu ya vipimo vyake, yakasambaa kwenye simu za mtaa mzima. Mumewe aliyasoma kazini mbele ya wenzake. Hakumgombeza, alimfungashia virago tu.

Ni tundu lile lile uliloniambia, kwamba ukibadilisha namba moja unaona faili la mtu mwingine. Ulisema umewaandikia wenye mfumo wa kompyuta hiyo na kuwapa siku tisini wazibe, maana ukitangaza mapema wezi watawahi. Nilikuelewa, mama, nikanyamaza. Hata siku mama yako mdogo aliponiaga anakwenda kupima, nilimwambia tu avae sweta.

Jana tukianika nguo akaniuliza, "Dada, hivi hakuna aliyejua?"

"Nilijua mimi."

"Nani alikwambia?"

"Nilisikia tu."

Akaendelea kuanika. Tangu hapo haniiti dada.

Jina lako sijalitaja wala sitalitaja. Nimehesabu, zimebaki siku ishirini na tisa. Msomi ni wewe, mimi sijui lipi sawa. Ila jirani yetu mshonaji anakwenda kupima Jumatatu, na huyo nitamwambia.

Usinikasirikie.

Mimi mama yako.