Mimbari Isiyo na Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi
Kipande cha tatu cha kujaribia. Ukingo umechanika tena, kama muwa uliotafunwa. Bledi ya msumeno wangu wa umeme ina meno ishirini na manne. Hiyo ni ya mbao za paa, si ya plaiwudi. Na Jumapili mimbari mpya inawekwa wakfu. Ile ya zamani niliitengeneza mimi, na kingo zake zilinasa mikono ya koti la pasta mpaka Mwende, mke wangu, akaishonea kitambaa cha zambarau cha kuifunika. Miaka minane kitambaa kinaficha aibu yangu. Nimeapa hii itasimama wazi.

Jumanne, 4 Machi
Duka la hadiwea, hapa Mwingi. Nimeomba meno sitini. Muuzaji hata hakuinua macho kutoka kwa simu. "Fundi, bledi ni bledi. Bora ikate." Akanipa ya meno arobaini, eti ni ya kila kitu. Ya kila kitu si ya chochote. Imechana kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini imechana. Wananichosha watu wanaouza vitu wasivyovijua.

Jumatano, 5 Machi
Meno sitini nimeyapata, duka la tatu. Kufika karakana, tundu la bledi ni kubwa kuliko ekseli ya msumeno. Nimerudi mjini, jua la saa saba, kutafuta ringi ndogo ya kuziba nafasi. Sijakata chochote leo.

Alhamisi, 6 Machi
Bledi imekaa. Nimebandika tepu kwenye mstari, nimesukuma polepole. Uso bado unachanika. Si sana, lakini plaiwudi ya uso wa mahogani haisamehe. Nikakitupa kipande mlangoni, Mwende akiwa analeta chai. Akakiokota, akakigeuza. "Na huku chini mbona ni safi?"

Nikakichukua mkononi mwake. Maisha yangu yote nimekata uso mzuri ukiwa juu. Ndivyo nilivyofundishwa na msumeno wa mkono, ambao hukata ukienda chini. Huu wa umeme meno yake yanapanda, yanatokea juu, na hapo ndipo yanapochana. Nimelaumu mji mzima. Hasira haijaisha, imehamia kwangu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Imebaki plaiwudi moja. Uso mzuri chini. Meno sitini. Sikupumua.

Safi. Nimepitisha kidole gumba mara nne.

Jumapili, 9 Machi
Mimbari ilisimama wazi. Pasta aliiegemea kwa mikono yote miwili, hakuna kilichonasa. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa naangalia kingo. Baada ya ibada mwenyekiti wa kamati ya kanisa akaja na malalamiko: mbona mimbari iko uchi, kitambaa kiko wapi? Niliumia. Mwende akamjibu kwa upole, "Nilikifua, Mzee. Bado hakijakauka."

Alikifua Ijumaa. Kwa jua la Mwingi, nguo haimalizi saa moja kwenye kamba. Jioni hii nimekikuta kabatini kwetu, kimekunjwa vizuri, chini ya blanketi.