Ciza Kamtoa Dada Yake Nje

Mwasiti, acha kila kitu usome hii. Nimeaibika mpaka basi 😂

Yule Ciza, mdogo wake Astérie muuza vitenge, kaja leo kazini kwangu nimkande. Mtu mzima, ila ana usonji. Harufu na kuguswa ghafla vinamtesa. Tangu walivyobanana na wakimbizi wenzao kule ufukweni Kagunga, walipokimbia Burundi, hajakubali mkono wa mtu.

Namuuliza, "Nikukande wapi?"

Ananijibu, "Kwanza unanuka dagaa."

MWASITI! Nikaenda kusukutua.

Narudi, ananiambia, "Kisigino tu. Kwa nguvu. Mafuta sitaki." Nikakanda, akafumba macho, mabega yakashuka yenyewe.

Mara Astérie huyo, kaingia na kumkumbatia. Ciza karuka!

"Hujaniuliza. Toka, ugonge mlango."

Astérie! Anayefokea soko zima! Katoka. Kagonga kweli!!

"Naweza kukushika?"

"Hapana."

Mimi nimejiziba mdomo kwa taulo, nakufa kwa kicheko.

Akagonga tena, sauti imekuwa ndogo kabisa. "Hata mkono, mdogo wangu?"

Ciza akafikiriii.

"Mkono sawa. Ubane sana."

Kaubana, shoga yangu, huku analia. Na Ciza anamwambia asimdondoshee machozi 😭😂