Kitanda cha Dirishani

Nyumba Na. 6,
Nyuma ya Shule.
Jumapili, 14 Julai

Mpendwa mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila goti langu linanisumbua kama kawaida yake. Nimerudi juzi kutoka kwenye ile hoteli ya ufukweni uliyonilipia, na mpaka sasa kichwa hakijatulia.

Asante, baba. Naanza na hilo lisije likasahaulika.

Walinifunga utepe mkononi wakasema kila kitu kimeshalipiwa, nile nitakavyo. Mimi niliyewapikia wanafunzi miaka thelathini nilishindwa hata pa kuanzia. Masinia arobaini! Samaki alikuwa mtamu, sina neno. Lakini kuku wa Jumatatu nilimwona Jumanne kwenye supu na Jumatano ndani ya mkate, kila siku kapewa jina jipya. Nikajiuliza, wageni wenzangu hawamtambui, au wananyamaza kwa adabu?

Chumba nacho sikukielewa. Shuka nyeupe pe, bahari dirishani, halafu kiyoyozi kinadondosha maji kwenye zulia. Nikaomba beseni nikakinga. Asubuhi nikatandika na kufagia kama nyumbani. Mama msafishaji akaingia, akashika kichwa: "Mama wee, ukifanya hivi bosi atasema sikuja kazini!" Basi kila asubuhi nikawa natandua nilichotandika.

Sasa nikuulize, maana hili ndilo linalonichanganya. Vitanda vilikuwa viwili, na mezani waliniandalia sahani mbili. Kwenye simu ulisema tu niende, nitafurahi. Hukusema unakuja, wala hukusema huji. Nikakuachia kitanda cha dirishani. Msafishaji alipouliza mwenzangu yuko wapi, nikamwambia mwanangu yuko njiani. Siku sita nilimjibu hivyo hivyo. Siku ya saba nilikivuruga kitanda chako na kulilowesha taulo lako, ili asinionee huruma.

Je, ulikuwa uje, au vyumba vyao vyote viko hivyo? Niambie ukweli, sitakasirika. Nikikasirika, ni kidogo tu.

Dada yako anakusalimu sana, na mjomba wako anauliza kama umenenepa. Mungu akukinge na baridi ya huko.

Mwakani usinilipie hoteli. Kitanda chako cha hapa hakioni bahari, lakini nimeshakitandika. Hiki uje ukivuruge mwenyewe.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Mama