Mtungi Wako Umetoka Stoo

Mama,

Nimerudi huku Burnsville, Marekani, juzi, miguu bado imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Nilikwenda Japani kumwona mjukuu wako Neema, anayesoma huko. Yule uliyesema hawezi kuchemsha hata yai, sasa anapika wali na anaula kwa vijiti. Usicheke.

Siku ya tatu alinipeleka kwenye jumba la makumbusho la mji wake. Ghorofani kuna picha za kuchora, chini kuna historia ya mji: majembe, nyungo, vinu, viatu vya majani ya mpunga. Nilijiona niko kwetu, ila kila kitu kina kibandiko. Kisha nikaona mitungi. Haikuwa ndani ya kioo, Mama, ilipangwa sakafuni nyuma ya kamba, na mmoja ulikuwa na tumbo kama la wako. Kabla sijafikiri nikainama, nikaugonga kwa kifundo cha kidole, kama ulivyotufundisha sisi watoto wa mfinyanzi: gonga kwanza, usikilize kama ni mzima.

Mlinzi alikuja mbio. Neema akasema, "Dad, please, huku hatu-touch kitu!" Akaanza kuinama na kuomba radhi, nami nikainama, mlinzi naye akainama. Mzee mzima na mvi zangu, nimekamatwa nikigonga mtungi! Bibi mmoja anayejitolea pale, rika lako, akamuuliza Neema kwa nini nimefanya vile. Alipoelezwa, akanipeleka kwenye chumba ambamo vitu vya zamani vinaruhusiwa kushikwa. Akaniwekea mtungi mbele, akasogea pembeni. Nikagonga. Ulilia vizuri. Bibi akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaangua kilio mbele ya watu nisiowajua.

Neema alidhani ni aibu. Haikuwa aibu. Nilikuwa nakumbuka mtungi wako, ule uliokuja nao umeupakata kutoka Kenya, umeuviringishia leso mbili. Mtungi ulipoanza kutoa jasho na kulowesha kabati la jikoni, nilimwogopa mwenye nyumba, nikaupeleka stoo. Wewe ulipougua ulisema, "Maji ya friji yananiuma meno. Nipe ya mtungi." Nikakwambia kesho. Ukaniomba tena Jumatano. Nikasema, kesho, Mama, nimechoka. Nilikuwa natoka kazini, kwenye makao ya wazee, ambako kutwa nzima nawanywesha wazazi wa watu maji vile wanavyoyataka. Ijumaa ukatutoka. Sijawahi kumwambia mtu. Nisamehe.

Jana niliutoa. Nikaugonga kwanza, nikihofia kwamba baridi ya huku imeupasua. Mzima. Nikauosha, nikaujaza, nikauweka juu ya sinia. Asubuhi hii sinia lilikuwa na maji na kabati limelowa kidogo, nikaona ni sawa tu. Nikanywa kikombe kimoja nimesimama. Yana ladha ya udongo wa kwetu, kama ulivyokuwa ukisema, nami nikikubishia.

Mtungi huu hautarudi stoo maadamu niko hai. Nimemwambia Neema kwenye simu kwamba siku moja utakuwa wake, na kwamba si wa kuwekea maua. Akasema, "Okay, Dad. Nitakunywa."

Pumzika, Mama. Kikombe cha pili nimekiweka upande wako wa meza.

Mwanao